Kompyuta Iliyokesha Kanombe

Familia ya marehemu Gatera wa Kanombe, pamoja na majirani, kundi la rozari la siku ya Jumatano na wakwe wa pande zote mbili, inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki walioko Kigali, Bujumbura, Kampala na popote habari hizi zitakapowakuta, kwamba kompyuta mpya ya Mama Vestine Kabagwira bado iko hai. Ilitegemewa kulala, haikulala. Mtaalamu akaitwa, ikamwangalia kwa jicho kavu. Habari zimfikie hasa mkwe wake, Bwana Keith Mutsinzi, injinia wa kompyuta, huko Remera anakoishi na aibu yake. Mipango ya kuilaza inaendelea nyumbani kwa mama mkwe. Atakayesikia amwarifu na mwenzake.

Tangazo hili halikusomwa redioni. Mama Vestine alikuwa na simu, na alikuwa na binti, na mwenye vitu hivyo viwili hana haja ya mtangazaji.

"Umutoni," alikuwa akimwambia bintiye asubuhi, kabla hata ya kuuliza wameamkaje, "mwambie Bwana Mkwe ile mashine yake imekesha tena."

Umutoni huweka simu mezani, akamtazama mumewe anayepaka siagi kwenye mkate, akasema, "Mama anakusalimia."

"Imekesha?"

"Imekesha."

Na mkate unarudi kwenye sahani. Keith analipwa mshahara kulinda kompyuta za kampuni nzima pale Remera, ana kitambulisho cha shingoni na kiti kinachozunguka, na sasa kompyuta moja ya mezani, aliyoitoa mwenyewe kwenye boksi lake, ilikuwa inamvua nguo mbele ya ukweni.

Ili mtu aelewe ukubwa wa msiba, lazima amfahamu Mama Vestine.

Alizaliwa Burundi, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakiwa na ng'ombe na kufika wakiwa na fimbo tu. Alikulia Bujumbura, akajifunza Kifaransa kwa masista na Kiswahili sokoni Buyenzi, na kati ya walimu hao wawili, wa sokoni ndiye aliyemkaa moyoni. Vita vilipokwisha alirudi Kigali na mume, mtoto mgongoni na cherehani kichwani. Mume, Mzee Gatera, alikuwa mtu mpole ambaye jambo lake kubwa maishani lilikuwa kufa bila kumsumbua mtu. Mama Vestine akabaki na cherehani.

Leo hii hashoni. Anakodisha mishanana, yale mavazi mepesi yanayofungwa begani ambayo mabinti huvaa siku ya posa, pamoja na vikapu, vibuyu vya maziwa, mikuki ya kusimamisha mlangoni na viti vya wazee. Kanombe yote, ukiona posa imependeza, ujue nusu ya mila zile zinarudi kwa Mama Vestine Jumapili zikiwa na madoa ya soda. Biashara hiyo imemfanya ahudhurie posa nyingi kuliko padri yeyote. Amewaona wakwe wa kila aina: wanaotetemeka, wanaojifanya hawatetemeki, waliokodi mpaka viatu. Kumdanganya yeye kuhusu mkwe ni kama kumuuzia samaki mvuvi wa Rumonge.

Siku Keith alipokuja kumposa Umutoni, upande wake ulileta msemaji wa kukodi, mzee mmoja mwenye koo pana aliyekuja na basi kutoka Kampala. Mzee akasimama, akashika fimbo (ya Mama Vestine, iliyokodishwa), akasema maneno ambayo hayajasahaulika. "Kijana wetu huyu hachungi ng'ombe. Anachunga mashine. Anaziambia amkeni, zinaamka. Anaziambia laleni, zinalala." Watu wakapiga makofi. Mama Vestine hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeweka kitu kabatini kwa siku ya kukihitaji.

Tangu hapo, alimpokea Keith vizuri mno, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Katika nyumba ile kuna vikombe vya namna mbili. Viko vya udongo mweupe vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo ni vya wageni. Na viko vya plastiki, vya bluu, vimekwaruzika, kimoja kikiwa na alama za meno ya Umutoni alipokuwa mdogo. Hivyo ni vya watu wa nyumbani. Keith ameoa, amezaa, amembeba mama mkwe wake hospitalini goti lilipovimba, na bado kila akifika Kanombe, chai yake inakuja kwenye ukingo wa dhahabu, juu ya sahani, na kijiko chake pembeni. "Karibu, Bwana Mkwe." Mwanamume mwingine angefurahi. Keith alikuwa akikitazama kile kikombe kama barua ya kufukuzwa kazi iliyoandikwa kwa lugha nzuri.

Ndipo akapata wazo la kununua kompyuta.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Mama ataweka picha za mishanana, wateja watachagua wakiwa makwao, na kila akiiwasha atasema, mtoto huyu ni wangu. Keith aliileta Jumamosi, akaifunga sebuleni chini ya picha ya harusi, akamfundisha kushika mausi na kufungua intaneti. Mwishoni mama mkwe akauliza swali la maana, "Nikimaliza kazi naizima wapi?"

Hapa Keith alijiponza mwenyewe. Angeweza kumwonyesha pa kuizimia na tungekuwa hatuna hadithi. Lakini alikumbuka yule mzee mwenye koo, akataka kuwa mkubwa kidogo.

"Hii haizimwi, Mama. Ya zamani ndiyo ilikuwa inazimwa. Hii ukiiacha peke yake, inalala yenyewe."

"Inalala yenyewe."

"Yenyewe kabisa."

"Haya," alisema Mama Vestine. "Tutaona."

Na kweli, sebuleni ililala kila jioni kama kuku. Shida ilianza wiki iliyofuata, Mama Vestine alipoihamishia chumbani kwake. Sebuleni, alisema, kila anayekuja kurudisha vikapu alikuwa anaomba "kuangalia kitu kidogo" kwenye intaneti. Chumbani ikatandikiwa kitambaa cha kufumwa, ikawekwa kwenye meza ndogo kando ya Bikira Maria, mtu na jirani yake. Na huko chumbani ikagoma kulala. Taa yake inampiga mwenyewe usoni mpaka alfajiri, feni inakoroma kama Mzee Gatera enzi zake.

Kwa mtu wa kompyuta hii ni kazi ya dakika chache: unaingia, unaangalia, unatoka. Lakini mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Sheria hiyo haijaandikwa popote, ndiyo maana inafuatwa. Keith ameishi Kampala, amesoma Nairobi, ana maoni makali kuhusu mila zilizopitwa na wakati na huyatoa bure kazini wakati wa chakula cha mchana. Ila ukimwambia avuke lile pazia la maua mlangoni pa chumba, miguu yake inakumbuka kwamba ni Mnyarwanda.

Akapiga simu na pendekezo la kisasa. Kuna programu, alisema, Mama akibonyeza ndiyo tu, yeye akiwa Remera ofisini ataiona mashine yote na kuitengeneza akiwa kwenye kiti chake.

"Utakuwa unaona nini?" aliuliza Mama Vestine.

"Kila kilicho kwenye skrini, Mama. Ni kama niko pale."

"Pale wapi?"

"Pale... kwenye mashine."

"Mashine iko wapi?"

Keith akahamishia simu sikio la pili.

"Bwana Mkwe," alisema Mama Vestine kwa upole, "mlango tumekukataza. Sasa unataka kupita kwenye waya?"

Basi Jumapili mchana, baada ya ibada zao mbalimbali, Keith na mkewe wakafika Kanombe. Keith ni mlokole, anaabudu kwenye hema moja kubwa lenye spika kubwa zaidi. Umutoni humsindikiza Jumapili moja na kwenda misa Jumapili nyingine, mpango waliofikia baada ya mazungumzo marefu. Keith akawekwa kwenye kiti nje ya pazia, kikombe cha dhahabu mkononi, kama muungamishi asiyekuwa na upadri. Mama Vestine akaketi ndani mbele ya mashine. Umutoni akataka kuingia asaidie, mama akamwambia aende akaangalie maharage.

Walitumia Kiswahili, kwa sababu Kiingereza Mama Vestine hana, Kifaransa Keith hana, na Kinyarwanda cha Keith kina Uganda nyingi ndani yake, kikimfanya mama mkwe afumbe macho kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali. Tatizo ni kwamba Kiswahili cha Keith alikipata kwa baba yake, aliyekipata jeshini, na Kiswahili cha kambini hakina njia nyingi za kuomba.

"Mama, shika mausi. Pindua. Juu chini."

"Nimwulize nani ruhusa, afande?"

"Samahani, Mama. Naomba uipindue. Labda kile kitambaa kinaichezesha, mashine inadhani iko mtu."

"Nimepindua. Iko chali kama mende."

Wakasubiri. Ndege ikapita juu kuelekea uwanjani, madirisha yakatetemeka, ikatua. Mashine haikulala. Keith akanywa chai, akaingia hatua ya pili, aliyoiamini kuliko ya kwanza: kuna amri unayoiandika, na mashine yenyewe inakiri nani anainyima usingizi. Akamtajia herufi moja baada ya nyingine. Mama Vestine akabonyeza moja baada ya nyingine, akisema kila moja kwa Kifaransa cha masista.

"Kumefunguka kidirisha cheusi," alisema. "Kina maandishi meupe."

"Nisomee."

Akasoma. Kilichotoka kwenye pazia hakikuwa Kiingereza, lakini Keith alikitambua kwa mbali, kama mtu anayemtambua ndugu aliyenenepa. Mashine ilikuwa inasema kwamba kuna video inaonyeshwa.

"Mama, iko video umefungua?"

"Sina video."

"Inasema iko video inacheza."

"Humu hakuna kinachocheza, Bwana Mkwe. Hiki ni chumba cha mjane."

"Unasikia sauti yoyote? Muziki?"

"Hakuna sauti. Kumetulia kama kanisani."

Keith akakuna kichwa. "Hicho kidirisha cheusi, nyuma yake kuna nini?"

"Kuna Yesu."

"Zaidi ya Yesu?"

"Zaidi ya Yesu hakuna kitu, mwana wa watu. Huko kwenye hema lenu hawajawafundisha?"

"Namaanisha kwenye skrini, Mama. Hiyo picha ya Yesu, inatembea?"

"Haitembei. Itembee iende wapi?"

Keith akaridhika. Simu ya Mama Vestine ina picha ya Yesu wa Moyo Mtakatifu kwenye kioo chake, friji ina Moyo Mtakatifu, kalenda ina Moyo Mtakatifu miezi yote; hakuona ajabu mashine nayo kupambwa hivyo hivyo. Angeweza kuuliza zaidi, lakini mlokole anayemhoji mama mkwe Mkatoliki kuhusu picha zake ni mtu aliyechoka na ndoa. Akahitimisha kwamba mashine inasema uongo. Mtaalamu akifika mahali pa kuchagua kati ya mashine na mama mkwe, mashine huwa haina mtetezi.

Jioni ile Umutoni aliichomoa, akaibeba hadi sebuleni vipande vipande, ili mumewe aiguse kwa mikono yake. Keith akaiwasha. Hakuna mtu aliyefungua chochote. Wakakaa wakiitazama, watu wazima watatu na maharage yakipoa. Punde kioo kikafifia, feni ikashusha pumzi, mashine ikalala usingizi wa mtoto aliyenyonya.

"Umeona, Mama?" Keith alisema. "Iko mzima."

"Kwa hiyo mimi ndiye mgonjwa."

"Sikusema hivyo."

"Mtoto ukimpeleka kwa daktari homa inashuka," alisema Mama Vestine. "Ukimrudisha nyumbani inapanda. Tutaona."

Ikarudishwa chumbani. Jumatatu asubuhi simu ikalia, Umutoni akasikiliza, akaiweka mezani.

"Mama anakusalimia," alisema. "Na anasema Jumamosi atamwita Shami."

Hapo Keith aliweka chini mkate, kisu na siagi.

Shami ana duka la simu na kompyuta pale Sonatubes, mkabala na kijiwe cha pikipiki. Alizaliwa Bujumbura nyumba ya tatu kutoka kwa kina Umutoni, wakarudi Kigali mwaka mmoja, Mkatoliki wa damu, mtumishi wa altareni tangu kichwa chake hakijafika kwenye meza ya altare. Kwa miaka alikuwa akimpeleka Umutoni kwaya na kumrudisha, bila kumpeleka mahali pengine popote, mpaka akaja mtu wa Kampala mwenye haraka. Mama Vestine hajawahi kusema kwamba angempenda Shami zaidi. Anasema tu, kila jina lake likitajwa, "Yule anajua nyimbo zote."

Na ukali wa jambo ni huu: Shami ataingia chumbani. Hakuoa katika nyumba ile, kwa hiyo hana mwiko nayo. Ni fundi, kama fundi bomba. Keith alijitazama akaona hali yake ilivyo. Kwenye kikombe ni mgeni, kwenye pazia ni mkwe. Amepewa ugumu wa pande zote mbili na raha ya upande wowote hana. Na Shami akiilaza ile mashine, kila posa itakayokodi mishanana Kanombe, kutoka sasa hadi wajukuu, itasikia habari ya injinia aliyeshindwa na muuza chaja. Kikombe cha dhahabu atazikwa nacho.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa. Shami alitoka moja kwa moja kusafisha mtaro, viatu vina tope, mfuko wa bisibisi begani. Keith alikuwa ameshafika, amevaa shati la kazini ingawa si siku ya kazi. Majirani waliotoka kufyeka nyasi walikuwa wameshapita kunywa chai kwa Mama Vestine, na pale bombani karai la vyombo vichafu lilifurika. Wanaume wawili wakapeana mikono kwa adabu nyingi, kama mabalozi wa nchi zenye mgogoro wa mpaka.

"Injinia," alisema Shami.

"Shami wa Sonatubes," alisema Keith.

"Twende mwanangu, ni huku," alisema Mama Vestine, akamwinulia Shami pazia. Mwanangu. Keith alilisikia neno lile likipita karibu na sikio lake na kwenda kutua kwa mtu mwingine.

Shami akaingia, mama akaenda jikoni. Keith akabaki amekaa, masikio yote mawili yameegemea pazia. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu akasikia magoti yakigonga sakafu, yote mawili. Anatafuta waya chini ya meza, akawaza, mwanzo mzuri. Lakini magoti hayakuinuka. Yakakaa. Kukawa na mnong'ono, kisha kimya, kisha mnong'ono tena. Keith, ambaye ametengeneza kompyuta kwa njia nyingi, hii hakuwahi kuiona.

Shami akatoka, uso umetulia.

"Mashine ni nzima," alisema.

"Inalala?"

"Hailali. Lakini ni nzima." Akamshika Keith mkono. "Kaka, twende unionyeshe mita ya umeme."

Mita iko nje, nyuma ya nyumba. Hawakuitazama.

"Ulijua kilicho kwenye ile skrini?" Shami aliuliza kwa sauti ya chini.

"Picha ya Yesu. Ya mapambo."

"Si picha. Ni laivu." Shami akavua kofia, kana kwamba mita nayo ilikuwa na sehemu katika jambo hili. "Ni Ekaristi Takatifu kwenye monstransi, kile chombo cha kuionyeshea, juu ya altare. Kamera imetegeshwa kanisani usiku na mchana, watu waabudu wakiwa nyumbani. Haisemi, haisogei. Kinachotikisika ni mshumaa tu. Ndiyo video yenyewe."

Keith akaegemea ukuta. Mashine haikusema uongo. Mama mkwe naye hakusema uongo. Aliyeuliza vibaya alikuwa na shahada.

"Basi si ungeifunga," alisema.

"Nani? Mimi?"

"Kuna alama ya iksi pale juu kulia."

"Naijua iksi, Injinia, nauza kompyuta. Nimfunge Bwana Yesu kwa iksi? Mimi nimebeba chetezo mbele yake nikiwa na suruali fupi." Akamtazama Keith kwa matumaini. "Ifunge wewe. Ninyi walokole si mnasema pale ni mkate tu?"

"Mimi siwezi kuingia. Ni mkwe."

Wakasimama pale, mmoja anayeweza kuingia na hawezi kufunga, mwingine anayeweza kufunga na hawezi kuingia. Ndege nyingine ikapita. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane walijikuta upande mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa mshindi, waliweza hata kucheka kidogo.

Wakamkuta Mama Vestine sebuleni. Keith akaketi ukingoni mwa kiti, akaacha Kiswahili cha kambini mlangoni.

"Mama, ile ibada iliyo kwenye mashine, huwa unaifungua lini?"

"Saa tisa alasiri. Kundi letu limegawana saa za kuabudu kanisani. Magoti yangu hayafiki tena, wakanitumia ile kwenye simu, wakasema hata nyumbani ni sawa. Nikaona kwenye simu atakuwa mdogo. Kwenye mashine anaenea."

"Na saa yako ikiisha?"

"Nafanya ishara ya msalaba, naenda kwenye kazi zangu."

"Unaiacha wazi."

Mama Vestine alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kanisani ukimaliza zamu yako, unamwacha na anayefuata. Humzimii taa usoni ukaondoka. Mle chumbani anayefuata ni nani? Si ile mashine."

Keith akavuta pumzi. "Basi ndiyo sababu, Mama. Haina ugonjwa. Hailali kwa sababu umeipa zamu."

Mama Vestine aliinamisha kichwa, vilevile kama siku ya posa. "Kwa hiyo inakesha na Bwana."

"Inakesha naye."

"Tangu ilipohamia chumbani."

"Kila siku."

"Mitume walishindwa," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Kisha akamgeukia Keith. "Na mimi silali. Taa inanipiga usoni. Hilo nalo ulitengeneze."

Hapa Injinia Keith Mutsinzi, mwenye vyeti vitatu ukutani, alitoa ujuzi wake wote. "Mama, chini ya kioo, upande wa kulia, kiko kitufe kidogo. Ukikibonyeza kioo tu ndicho kinachozima. Mashine inabaki macho, ibada inaendelea."

"Nimweke Yesu gizani?"

Theolojia haikuwa somo la Keith. Akamtazama Shami, na Shami, lazima tumpe haki yake, hakumwangusha.

"Kwenye kisanduku cha tabernakulo hakuna balbu, Mama," alisema. "Na yumo."

Mama Vestine akalipima lile neno. Kisha akainuka, magoti yakilalamika, akaingia nyuma ya pazia. Wanaume wawili wakautazama mwanga wa bluu uliokuwa ukipita kwenye maua ya pazia. Ukakatika.

"Giza," sauti ilisema kutoka ndani. Baada ya kitambo ikaongeza, "Vizuri."

Kitaalamu, hakuna kilichotengenezwa. Mashine haikulala siku ile na mpaka leo haijalala. Kazini kwao Keith huita hali hii "tatizo limetatuliwa", na husaini.

Mama Vestine akaenda kuleta chai. Alirudi na sinia, akaiweka katikati. Akachukua kikombe chenye ukingo wa dhahabu, sahani yake, kijiko chake pembeni, akakiweka mbele ya Shami. "Karibu, baba." Kisha akachukua kikombe kingine akakiweka mbele ya Keith, bila sahani wala kijiko.

Kilikuwa cha plastiki. Cha bluu. Kwenye ukingo kilikuwa na alama za meno.

Keith alikitazama. Shami naye alikitazama, kisha akatazama cha kwake kilivyong'aa, na kitu kikapita usoni mwake, kama mtu aliyegundua sasa hivi kwamba kwaya imekwisha zamani. Keith akanywa kidogo, chai ikiwa na ladha ya plastiki kuukuu, akaona hajawahi kunywa kitu kizuri hivi. Halafu, kwa kuwa mtu akishapata anachokitaka hukosa akili ya kunyamaza, akasimama na kikombe mkononi, akatafuta sauti ya yule mzee wa Kampala mwenye koo pana.

"Mama," alisema, "mimi si mtu wa maneno. Lakini leo mbele ya Shami, ambaye ni shahidi, nataka kushukuru. Nilikuja katika nyumba hii nikiwa mgeni. Ulinipokea kwa dhahabu, na mimi nilijua kwamba dhahabu ile ilikuwa ni ukuta. Leo umeubomoa. Leo umenipa kikombe cha watoto wako. Nitakumbuka siku hii, na nitamsimulia mwanangu, kwamba bibi yake alinitazama moyoni, akaona mimi si mgeni tena."

Mama Vestine alikoroga chai yake, akaionja, akaongeza sukari kidogo.

"Vile vingine vya wageni havijaoshwa," alisema.